Una leseni ya helikopta na saa 160 tu: njia ya kuifikia kazi ya kwanza ukiwa Zanzibar

Siku niliyorudi kutoka Afrika Kusini mama alipika biriani, na majirani wa Kikwajuni wakaja mmoja mmoja kumpa mkono "Kapteni". Logibuku yangu, kitabu rubani anamoandika saa alizoruka, ilikuwa na saa 162. Leseni ya biashara ninayo, cheti cha afya ninacho, shati jeupe la mistari mabegani ninalo. Miezi kumi na minne baadaye nilikuwa bado napanda gari ya 505 kwenda uwanja wa ndege, naulizia kazi, narudi mjini. Kikwajuni hawakuacha kuniita Kapteni.

Nayaandika haya kwa kijana wa Unguja au Pemba aliyerudi na leseni ya helikopta na saa chache, na kwa mzee wake aliyetoa fedha za karafuu za miaka mingapi ili mwanawe asome. Kazi ipo na watu wanaipata. Ila haipatikani kwa namna tuliyoambiwa skuli ya urubani.

Kwanza elewa kwa nini hawakuajiri

Sheria inasema lake na bima inasema lake. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, leseni ya biashara ya helikopta anapewa mtu mwenye saa 150, au 100 akiwa amesoma kozi iliyoidhinishwa. Kwa hivyo kisheria unaweza kulipwa kuanzia siku ya kwanza. Lakini mwenye helikopta akenda kukata bima huulizwa nani atairusha, na mara nyingi wenye bima huweka kima chao: saa 500, saa 1,000, na baadhi ya saa hizo ziwe kwenye aina ile ile ya helikopta. Rubani mkuu anaweza kukupenda kama mwanawe na bado akashindwa kukuweka kitini.

Jambo la pili halisemwi vya kutosha. Wenzetu wa ndege za mabawa wakianza kazi kwenye ndege kubwa wana kiti cha kulia: wanakaa pembeni ya kapteni, wanasoma, saa zinaongezeka. Helikopta ndogo haina nafasi hiyo. Rubani wake hukaa kulia, na kile kiti cha kushoto ni cha abiria aliyelipa. Hakuna pa kukaa ukajifunza huku unalipwa.

Chukua R44 Raven II, helikopta ndogo ya Robinson ya watu wanne. Uzito wake wa mwisho wa kuruka ni kilo 1,134, na yenyewe tupu ni kama kilo 680. Ijaze mafuta, kiasi cha kilo 127, utabakiwa na kama kilo 325 za watu na mizigo. Gawa kwa wanne: kilo 81 kila mmoja, na begi lake humo humo. Mwanafunzi wa kukaa pembeni angekula nafasi ya mteja. Ukilifahamu hili hutamchukia anayekukatalia, na utaacha kuomba kitu asichoweza kukupa. Utaomba kingine, nitakieleza.

Jua helikopta ziko wapi

Unguja zinaonekana zaidi msimu wa wageni, Juni mpaka Oktoba na tena Disemba mpaka Februari, na nyingi zinakuja kutoka kwengine. Makao yao ni Dar es Salaam, Arusha na, kwa Afrika Mashariki nzima, uwanja wa Wilson pale Nairobi. Kazi zenyewe ni kupeleka wageni mahotelini na mbugani, kuokoa wapanda mlima Kilimanjaro, kuhesabu wanyama na kufuatilia majangili, kupiga picha na filamu, kubeba wagonjwa, na kampeni za uchaguzi. Tangu Freeman Mbowe, mgombea urais wa CHADEMA, alipozunguka na helikopta mwaka 2005, vyama vimeizoea. Usidhani kwamba utamrusha mgombea ukiwa na saa 160. Ila msimu wa uchaguzi huwavuta marubani wazoefu wote upande mmoja, na makampuni yanabaki na pengo nyuma yao. Kenya wanapiga kura Agosti 2027. Weka tarehe hiyo kichwani.

Mzanzibari hahitaji kibali cha kazi kwenda Dar wala Arusha. Kenya utakihitaji, na unaombewa na mwajiri, kwa hivyo usiende huko ukidhani leseni peke yake inatosha.

Makaratasi, kabla ya yote

Kama bado uko nje unasoma, shughuli hii ianze huko huko. Leseni ya nje inabidi ihamishiwe kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na wao watataka uthibitisho kutoka mamlaka iliyokupa leseni. Kuifuatilia barua hiyo ukiwa Kikwajuni kwa barua pepe ni kazi ya miezi. Ukiwa huko, unakwenda dirishani mwenyewe. Omba pia nakala za rekodi zako zote za mafunzo, zenye mihuri, kabla hujalipa ada ya mwisho.

Halafu jina. Nalisema kwa uchungu kwa sababu lilinigharimu wiki tisa. Cheti cha kuzaliwa kiliandikwa Abdulla, pasipoti Abdallah, na skuli ya nje ikaandika jina la babu kama jina la kwanza. Watu wetu wengi wako hivyo. Kaa chini na hati zako zote mezani, soma herufi kwa herufi: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasipoti, leseni, cheti cha afya, cheti cha Kiingereza. Pasipolingana, nenda ukale kiapo cha jina mapema. Usingoje siku kampuni inapokwambia "tuletee nakala leo jioni".

Cheti cha afya cha daraja la kwanza hudumu miezi 12 kwa kijana. Usikiache kife kwa kubana matumizi. Simu ya kazi ikija na cheti kimekwisha, anapigiwa anayefuata.

Logibuku na CV

Logibuku iwe safi: kila ukurasa umejumlishwa, umetiwa saini, bila wino mweupe wa kufutia. Ukikosea, piga mstari mmoja na uandike pembeni. Rubani mkuu ataifungua kabla hajakusikiliza, na anaijua logibuku iliyopikwa kama mpishi anavyoujua wali wa jana. Saa za kalamu, yaani saa ulizoziandika bila kuziruka, usizithubutu hata moja. Helikopta nazo zina vitabu vyao, na siku ajali ikitokea vitabu hivyo viwili huwekwa pamoja mezani.

CV iwe ukurasa mmoja. Mistari ya juu iwe jumla ya saa, saa ukiwa rubani kiongozi, saa kwa kila aina ya helikopta, saa za usiku, saa za safari ndefu, na uzito wako. Ndiyo, uzito, kwa hesabu ile ya kilo 81 utaona kwa nini mtu wa kilo 64 anasomwa mara mbili. Ikiwa unajua kutumia boti, kuogelea vizuri, kutengeneza injini, kusema Kitaliano au Kifaransa na wageni, andika. Mimi niliweka kwamba nimekulia kwenye ngarawa ya ami yangu na najua kusoma pepo na maji ya upande wa mashariki. Hilo ndilo waliloniuliza.

Nenda mwenyewe, na uanze kwa mafundi

Nilituma barua pepe zaidi ya arubaini. Nilijibiwa mbili, zote za asante. Kilichonifungulia mlango ni boti ya asubuhi ya kwenda Dar na kusimama mlangoni pa hanga, banda la kuwekea ndege, nikiwa na suruali ya kazi ndani ya begi. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na upwa wetu sisi ni hanga.

Nenda mwisho wa Februari mpaka Aprili. Masika yakiingia wageni hupungua, helikopta zinaingia matengenezo, watu wana wakati wa kuzungumza, na makampuni yanapanga nani atafanya kazi kuanzia Juni. Ukenda Agosti utawakuta wanakimbia.

Usijitokeze tu getini, kwani bila pasi huingii. Tuma ujumbe kwanza, na mtu wa kwanza awe fundi mkuu. Rubani mkuu anaombwa kazi kila siku. Fundi anaombwa mara chache, na neno lake lina uzito kuliko barua yako. Ujumbe wangu ulikuwa hivi: "Assalaam alaykum Fundi. Mimi ni rubani wa helikopta kutoka Unguja, saa 162, zote Robinson. Nitakuwa Dar Jumatatu na Jumanne. Naomba dakika kumi nije nikuamkie hapo hanga, na kama ipo kazi ya kuosha au kufuta nitaifanya."

Alikuwa mzee wa Mkoani, Pemba. Nilimwamkia, akaitikia bila kugeuka, mkono uko ndani ya injini.

"Saa zako zote umerusha bara?"

"Ndiyo Mzee, mbali na bahari."

"Basi chumvi huijui. Chukua ndoo ile."

Helikopta ilikuwa imetoka Unguja asubuhi ile. Alinipitishia kidole changu kwenye ukingo wa mbele wa pangaboi nikahisi ukavu kama wa sufuria iliyochemshiwa maji ya bahari. Akanionyesha jinsi ya kuosha kwa maji matamu: kuanzia kichwani pa rota, kwenye maungio, kushuka mpaka pangaboi la mkia, bila kuelekeza maji ya nguvu kwenye beringi, kisha kukausha kila pembe maji yanapokaa. Chumvi ikilala usiku mmoja kwenye alumini inaanza kula, na kipande kilicholiwa ni dola elfu nyingi. Niliosha saa mbili. Sikuombwa CV siku ile. Niliambiwa tu, "Kesho saa moja."

Hicho ndicho cha kuomba: kazi ya chini. Kujaza mafuta, kupanga abiria na kuwapima uzito, kuandika manifesti, yaani orodha ya abiria na mizigo, kupokea simu za wateja, kusukuma helikopta ndani na nje. Kwenye mafuta nilifundishwa kutoa sampuli chini ya tangi kila asubuhi ndani ya chupa ya kioo, kuinyanyua juani na kutafuta tone la maji lililotulia chini kama shanga. Kwenye unyevu wa visiwa vyetu unaliona mara nyingi kuliko unavyodhani. Nilikaa chini miezi saba. Katika muda huo kampuni inakuona ukichelewa au usichelewe, ukidanganya au ukisema kweli pale ulipoangusha kitu. Siku wakienda kwa bima kukuombea, wanakwenda na hayo.

Lakini kazi ya chini iwe na mkataba, hata wa karatasi moja, wenye mshahara japo mdogo na bima ya ajali. Wapo wanaowaweka vijana mwaka mzima kwa ahadi. Baada ya miezi mitatu uliza wazi: nikifikisha nini mtanipa kiti? Akikwepa kukutajia namba, endelea kutafuta huku unafanya kazi.

Saa za mwanzo hutoka wapi

Kwanza ni safari tupu. Helikopta ikimshusha mgeni Unguja inarudi Dar bila abiria. Ikenda matengenezo inakwenda na fundi tu. Bima ikikubali, hizo ndizo saa zako za mwanzo. Zingine ni za kuruka na rubani mzoefu kwenye kazi isiyobeba abiria, kama picha au ukaguzi.

Njia kubwa zaidi duniani ni ualimu. Rubani wa saa chache anafundisha wanafunzi, saa zinaongezeka kwenye kiti, na akifika 1,000 milango ya utalii inafunguka. Marekani wengi wamepita hapo. Kwa hivyo, kama bado hujaondoka nyumbani, chagua skuli kwa swali hili: mnaajiri wahitimu wenu kuwa walimu, na mwaka jana mliwaajiri wangapi? Angalia pia viza. Mwanafunzi wa viza ya F-1 anaweza kuruhusiwa kufanya kazi ya mafunzo hadi miezi 12. Wa M-1 haizidi miezi 6, na miezi 6 haitoshi kufika popote. Na ujue kanuni ya Marekani inamtaka mwalimu wa R22, Robinson ya viti viwili ya kufundishia, awe na angalau saa 200 za helikopta, 50 kati yake kwenye R22. Wengi wanamaliza na saa 150 na mfuko mtupu, wakati walihitaji 50 zaidi ili waajirike. Gawa fedha zako ukilijua hilo tangu mwanzo.

Kazi za mbugani zinavutia sana vijana, nami naziheshimu. Januari 2016 rubani Mwingereza Roger Gower alipigwa risasi na majangili akirusha R44 juu ya pori la akiba la Maswa, akafa. Ukenda huko nenda ukijua unachokwendea, na nyumbani wajue.

Usinunue ukubwa

Utaambiwa ukachukue idhini ya kurusha helikopta kubwa zaidi zenye injini ya tabini, kama R66 au H125, ndipo utapata kazi. Rai yangu: usitoe hata dola moja kwa ajili hiyo mpaka kampuni yenye jina na helikopta hiyo ikwambie kwa maandishi kwamba itakuchukua. Idhini yenye saa tano ndani yake haimshawishi mtu wa bima. Fedha hiyo itie kwenye kuruka saa moja au mbili kila mwezi ili mkono usikauke. Bila kupaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90, hutakiwi kubeba abiria hata wa bure.

Siku ya kujaribiwa

Watakurusha na mkaguzi wao. Anakutazama kabla hujawasha: umezunguka helikopta kweli au umeipapasa? Umepiga hesabu ya uzito? Hapa watu wa pwani tunaanguka, kwa kuwa tunadhani usawa wa bahari ni rahisi siku zote. Joto likifika nyuzi 32 pale Kisauni, hewa kwa helikopta inakuwa nyepesi kama ya futi 2,000 juu ya bahari. Uwanja wa Arusha uko karibu futi 4,550. Mchana wa nyuzi 28 helikopta inajiona iko zaidi ya futi 7,000. Nguvu uliyoizoea haipo. Piga hesabu mbele yake, kwa karatasi.

Kisha ataizima nguvu na kukutaka ushuke pangaboi zikizungushwa na hewa peke yake. Shusha kolektivu, ule mkono wa kuipandisha na kuishusha helikopta, papo hapo, linda mizunguko ya rota, tafuta upepo. Baharini, jibu la swali "ungetua wapi?" lisiwe kimya. Helikopta ya injini moja inayotoka mbali na nchi kavu inatakiwa iwe na maboya, na kila mtu awe amevaa jaketi okozi, si kulikalia. Mafunzo ya kutoka kwenye helikopta iliyopinduka majini ni fedha ya kutoa. Kwa kazi za visiwani nayapendelea kuliko idhini ya tabini.

Atakupeleka na sehemu finyu ya kutua. Kwetu hiyo ni hoteli ya ufukweni: makuti yanayoinuka kwa upepo wa rota, miavuli, viti vya plastiki, mchanga unaokufunga macho futi kumi kabla ya kugusa, na Paje kuna vishada vya watelezaji wa baharini vyenye kamba ndefu usizoziona. Kusi likivuma, anayekuja na upepo mgongoni akishuka wima kwa haraka anaweza kuzama ndani ya hewa aliyoichafua mwenyewe, na kuongeza nguvu kunazidisha. Zunguka juu kwanza, utazame. Usipoipenda sehemu, sema "sitatua hapa" na uondoke. Kwa mara ya kwanza ambapo nilimwambia mkaguzi maneno hayo nilidhani nimeikosa kazi. Aliandika kitu, akasema turudi.

Neno hilo nilikuwa nimelihitaji hata kabla ya hapo. Wakati bado sina kiti, mtu mmoja alinipigia: ana helikopta yake binafsi, ana wageni wawili wa kupelekwa Nungwi, atanilipa taslimu. Haikuwa na cheti cha kubeba abiria wa kulipa, wala bima ya hao wageni. Nilikuwa nadaiwa dukani na mama alikuwa anaumwa. Nilikataa, nikalia njiani. Ukibeba abiria hao, leseni inaweza kwenda siku moja pamoja na shamba la mzee wako.

Simu niliyoingoja ilikuja usiku wa mwezi wa Mei, mvua inapiga mabati. Helikopta yenye maboya ilikuwa inarudi Unguja kuchukua wageni, haina mtu isipokuwa yule mzee wa Mkoani na kisanduku chake cha spana. "Bima wamekubali safari tupu," aliniambia rubani mkuu. "Njoo saa kumi na mbili, na njoo na kilo zako zile zile." Tulivuka asubuhi, mawingu yako juu, dau moja chini yetu, na mzee hakusema neno mpaka tulipogusa Kisauni. Niliandika 0.5 kwenye logibuku. Alinisubiri nitie saini, kisha akanyoosha kidole kwenye ndoo.